Boila mbovu katika nyumba ya kupanga: itengenezwe au ibadilishwe?

Miongoni mwa magomvi yanayoondoa maelewano baina ya wenye nyumba na wapangaji wao katika miji yetu, lipo moja ambalo huanza kwa jambo dogo na mara nyingine huishia kwa msiba. Nalo ni ugomvi juu ya boila, yaani lile tangi la umeme la kupashia maji ya kuogea, ambalo siku hizi huonekana katika nyumba nyingi za kupangisha za Kampala, Entebbe, Jinja na Mbarara, na ambalo katika nyanda za baridi kama Kabale halihesabiwi kuwa ni anasa. Boila ikiharibika, mpangaji husema: "Tuletee mpya." Mwenye nyumba hujibu: "Fundi atakuja kuitazama." Kati ya kauli hizo mbili hupita majuma, hupita miezi, na wakati huo wote watu wazima na watoto huendelea kuoga chini ya chombo ambacho hakuna aliye na hakika nacho.

Leo tunataka kulitazama jambo hili kwa utulivu, bila ya kumpendelea mwenye nyumba wala mpangaji. Wako wanaodhani kwamba swali la kutengeneza au kubadili boila ni la fundi peke yake, na wako wanaodhani kwamba ni la mfuko peke yake. Sisi tunaona kwamba ni swali la haki kwanza, kisha la hesabu, na mwisho ndipo huwa la ufundi. Na mzizi wa matatizo yake yote ni huu: mwenye kuilipia boila haogi maji yake, na mwenye kuoga maji yake hailipii.

Hebu msomaji azingatie. Boila ikichakaa, sufu yake ya kuhifadhi joto ikaoza, inakula umeme zaidi kwa maji yale yale. Lakini anayenunua uniti za umeme ni mpangaji. Ikivuja umeme, anayepigwa ni mpangaji. Kwa hiyo mwenye nyumba, hata akiwa mtu mwema, hasikii uchungu wa boila mbovu mpaka siku anapopelekewa hati ya fundi. Kwa upande wa pili, mpangaji naye aweza kudai boila mpya kila inapokohoa, kwa kuwa bei yake haitoki mfukoni mwake. Aweza kuiacha ikiwaka mchana kutwa, tena aweza kuiwasha wakati maji ya bomba yamekatika na tangi halina kitu, koili ikaungua, kisha akasema kwamba chombo kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Hivyo kila mmoja anaamua juu ya hasara ya mwenzake. Uamuzi wa namna hiyo ni nadra kuwa wa haki.

Mwandishi wa maneno haya naye amewahi kuwa mpangaji, na jambo hili hakulisoma vitabuni. Katika nyumba ndogo aliyokuwa amepanga, boila iliyokuwa juu ya mlango wa bafu ilitengenezwa mara nne katika muda wa miaka miwili. Mara ya kwanza iliungua koili. Mara ya pili ikawa thamostati. Mara ya tatu koili tena. Mara ya nne alikuja fundi ambaye, alipoona kwamba swichi inaanguka kila boila inapowashwa, aliukata waya wa ardhi, swichi ikatulia, akalipwa akaenda zake. Asubuhi iliyofuata, mama watoto aliposhika bomba hali amesimama juu ya sakafu yenye maji, umeme ulimpiga akaanguka kando ya beseni alimokaa mtoto wa mwaka mmoja. Mungu alinusuru. Lakini tangu siku ile tumejua kwamba swichi inayoanguka si adui wa kunyamazishwa. Ni mlinzi anayepiga kelele kwa kuwa amemwona mwizi.

Mwenye nyumba yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama mzee, mjane, na kodi ya nyumba ile ndiyo iliyokuwa karo ya wajukuu wake. Kila alipoombwa fedha za fundi alizitoa, naye kila mara aliona kuwa ameepuka gharama kubwa. Tulipokaa naye barazani na kuandika malipo yote manne juu ya karatasi moja, jumla yake ilikuwa imeipita bei ya boila mpya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, kumbe boila mpya nilikwisha kuilipia. Ila sikuletewa tu."

Maneno ya mama yule yafaa kukumbukwa na kila mwenye nyumba ya kupangisha. Hasara yake haikutokana na ubahili, bali ilitokana na kuhesabu kila tengenezo peke yake, kama kwamba lile la nyuma halikuwapo.

Ili tuweze kuamua vema, yatupasa kwanza kukijua chombo chenyewe. Boila ya umeme ni tangi la chuma lililopakwa ndani rangi ngumu ya kuzuia kutu. Ndani yake imo koili inayopasha maji. Ipo thamostati, ambayo hukata umeme maji yanapofikia joto lililowekwa. Na ipo vali ya usalama, ambayo hufunguka yenyewe iwapo nguvu ya maji ndani ya tangi imezidi kipimo. Kadhalika katika matangi mengi imo fimbo ya magnesi ambayo watu wengi hawajapata kuisikia. Kazi ya fimbo hiyo ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha nayo isibadilishwe, kutu huligeukia tangi lenyewe. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya tangi, na lau ingekaguliwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, matangi mengi yanayotupwa leo yangekuwa bado yanafanya kazi.

Yafaa pia mpangaji na mwenye nyumba wajue kipimo cha kazi yake. Kupasha lita 50 za maji kutoka nyuzi joto 20 hadi 60 huhitaji umeme wa uniti 2.3 hivi, na koili ya kilowati 1.5 huimaliza kazi hiyo kwa muda wa saa moja na nusu. Boila inayochukua muda mrefu kupita huo kwa kiasi kikubwa, au inayotoa maji ya vuguvugu baada ya saa tatu, ina ugonjwa. Na boila inayopoza maji yake upesi baada ya kuzimwa inapoteza joto, hata kama haivuji tone moja. Hakuna haja ya kubishana juu ya mambo hayo. Saa ya mkononi yatosha kuwa shahidi.

Sasa tuje kwenye uamuzi. Kwa maoni yetu yako maswali matatu, na ni lazima yaulizwe kwa mpangilio wake.

Swali la kwanza: je, kuna hatari? Ikiwa bomba linamuuma mtu anapolishika, ikiwa swichi inaanguka, ikiwa maji yanatoka yakitokota au mvuke unatoka pamoja nayo, au ikiwa waya zinanuka kuungua, basi boila izimwe papo hapo kwenye swichi yake kuu na isiwashwe tena mpaka ikaguliwe na fundi umeme anayeijua kazi. Katika hali kama hiyo swali la kutengeneza au kubadili haliulizwi kwanza, wala hakuna kungoja mwisho wa mwezi. Kuoga kwa maji yaliyochemshwa jikoni na kubebwa kwa ndoo si fedheha. Na mwenye nyumba asimlaumu mpangaji aliyezima chombo kwa hofu ya roho yake.

Hapa hatuna budi kutaja tendo moja la hatari ambalo limezoeleka. Vali ya usalama huweza kudondosha maji kidogo wakati tangi linapopata moto, kwa sababu maji yanapopata joto hutanuka. Wako watu ambao, kwa kuchukizwa na matone hayo, huifunga vali hiyo kwa kizibo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini tundu hili ni kinyume chake, kwani likizibwa ndipo ukuta unapoweza kubomoka. Thamostati ikikwama na vali ikiwa imezibwa, maji hupita kiwango cha kuchemka yakiwa bado yamefungiwa. Siku tangi litakapopasuka, kila lita moja ya maji itakayogeuka mvuke itataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ikiwa vali inamwaga maji mfululizo badala ya kudondosha, basi ibadilishwe, au msukumo wa maji ya bomba upunguzwe. Kuizibua ni wajibu. Kuiziba ni hatia.

Swali la pili: je, kilichoharibika ni kiungo au ni tangi? Koili, thamostati, vali, fimbo ya magnesi na waya ni viungo. Huvunjika, na hubadilishwa. Boila ya miaka mitatu iliyounguza koili haina sababu ya kutupwa, na mpangaji anayedai mpya kwa ajili hiyo anadai kisicho haki. Vyombo hivi kwa sehemu kubwa hutoka ng'ambo, na kukitupa chombo kizima ni kuitupa fedha ya mtu aliyeitolea jasho. Lakini ikiwa maji yanavuja katika mwili wa tangi lenyewe, au yanatoka yakiwa na rangi ya kutu asubuhi baada ya asubuhi hali mabomba mengine ya nyumba yanatoa maji safi, basi chuma kimekwisha. Kuchomelea tangi lililoliwa na kutu ni sawa na kutia kiraka katika nguo iliyooza: uzi unashika, nguo haishiki. Tangi la namna hiyo libadilishwe, na fundi anayeahidi kulifufua asisikilizwe.

Swali la tatu, ambalo mama yetu mjane hakuwa ameliuliza, ni la hesabu: je, boila hii ina umri gani, nayo imekwisha kula kiasi gani? Boila ya tangi kwa kawaida hudumu miaka 8 hadi 12 kwa kutegemea maji yanayopita ndani yake na matunzo inayopata. Kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi ni hiki: ikiwa chombo kimekwisha kuingia katika umri huo, na tengenezo moja linataka nusu ya bei ya chombo kipya au zaidi, basi ni heri kununua kipya. Nasi tungeongeza neno moja: matengenezo ya miaka miwili iliyopita yajumlishwe pamoja. Tuseme kwa mfano kwamba boila mpya ni mafungu kumi ya fedha, na kila tengenezo ni mafungu matatu. Tengenezo la kwanza ni busara. La pili lataka kufikiriwa. La tatu linapoombwa, mwenye nyumba anakuwa ametoa mafungu tisa kati ya kumi, na bado anamiliki boila kuukuu. Hapo ndipo methali ya rahisi ghali inapopata maana yake kamili.

Iwapo uamuzi ni kununua mpya, basi isinunuliwe kwa pupa. Tangi lilingane na idadi ya watu wa nyumba, kwani tangi kubwa kupita haja hupasha maji ambayo hakuna atakayeyaoga. Nyaya na waya wa ardhi vikaguliwe siku hiyo hiyo, maana boila mpya juu ya waya mbovu ni hatari ile ile iliyovaa nguo mpya. Thamostati iwekwe kwenye nyuzi joto 60 hivi, joto ambalo vijidudu vinavyopenda kuzaliana katika maji ya vuguvugu hawawezi kustahimili. Lakini watoto wasiachwe kufungua bomba wenyewe, kwa kuwa maji ya joto hilo huunguza ngozi kwa muda wa sekunde chache tu. Aidha, mwenye uwezo na afikirie boila ya jua. Nchi yetu imepitiwa na Ikweta, na katika boila ya jua ya kawaida maji yaliyopata joto hupanda yenyewe kuingia katika tangi lililowekwa juu ya kioo, bila ya kuhitaji mashine ya kuyasukuma. Tatizo ni lile lile tulilolitaja mwanzo: gharama yake humwangukia mwenye nyumba, na nafuu ya umeme humwendea mpangaji. Lakini hilo haliwashindi watu wawili waliokaa pamoja. Mpangaji anayepunguziwa gharama ya umeme aweza kukubali nyongeza ya haki katika kodi yake, mradi iandikwe na isivunje sheria.

Na sheria ipo. Sheria ya mwaka 2022 inayohusu wenye nyumba na wapangaji hapa Uganda inamtaka mwenye nyumba ahakikishe kwamba nyumba anayoipangisha inafaa kukaliwa na binadamu, na pia imeweka mpaka wa asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi. Kwa hiyo boila mpya isifanywe kisingizio cha kumtoza mpangaji anavyopenda mwenye nyumba. Wala mpangaji asiifanye sheria hiyo kuwa ngao ya uzembe wake. Aliyeunguza koili kwa kuiwasha bila maji, na alipe.

Si vibaya kujifunza kutoka kwa wengine. Huko Uingereza, ambako kwa ajili ya baridi boila hupasha maji na nyumba nzima pia, sheria ya mwaka 1985 inampa mwenye nyumba wajibu wa kuvitunza vyombo vya kupashia maji na joto vikiwa katika hali ya kufanya kazi. Na kwa kuwa boila nyingi za huko huwaka kwa gesi, ambayo ikiungua vibaya hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kanuni za mwaka 1998 zinaamuru kila chombo cha gesi katika nyumba ya kupanga kikaguliwe mara moja katika kila miezi 12 na fundi aliyeandikishwa, na mpangaji apewe nakala ya hati ya ukaguzi katika muda wa siku 28. Boila zetu ni za umeme, na nchi yetu si Uingereza. Lakini fikira iliyomo ndani ya kanuni hiyo inatufaa: anayeoga apewe karatasi inayomwonyesha kwamba chombo kimekaguliwa. Fikira hiyo haihitaji utajiri, inahitaji kalamu tu.

Katika chuo cha mafunzo ya uofisa tulifundishwa kwamba kila gari na kila mtambo una daftari lake, na kwamba chombo kisicho na daftari hakiaminiki hata kikiwa kinang'aa. Siku kilipoingia, siku kilipotengenezwa, kilichobadilishwa, jina la fundi na kiasi alicholipwa, yote huandikwa. Hatuoni sababu kwa nini boila ya nyumba ya kupanga isiwe na daftari la senti chache lililoning'inizwa nyuma ya mlango, na mwenye nyumba naye akawa na lake. Siku chombo kitakapoharibika, hapatakuwa na kelele za "ni kibovu" na "ni kizima." Patakuwa na ukurasa, na ukurasa utasema.

Kwa hiyo tunatoa wito. Wenye nyumba, msingoje mpangaji apigwe na umeme ndipo mjue umri wa boila zenu. Zikagueni kila mwaka, jumlisheni gharama zake, na tangi lililokwisha lipumzisheni. Wapangaji, toeni taarifa mapema na kwa maandishi, zimeni boila maji yanapokatika, na msidai kipya pale ambapo koili moja ingetosha. Mafundi, msiukate waya wa ardhi na msiizibe vali ili mlipwe upesi. Kazi yenu yashikilia roho za watu msiowajua.

Mwisho, tunamwomba kila mwenye nyumba afanye jambo moja jepesi kabla ya kuamua. Aende katika nyumba yake aliyoipangisha, aingie bafuni, aiwashe boila, angoje muda wake, kisha alishike bomba kwa mkono wake mwenyewe. Ikiwa atasita kulishika, basi uamuzi amekwisha kuupata.